Bibi Aliyefua Mawe ya Urani

Mwaka ule nilipelekwa Kwamsisi kupima mawe. Watafutaji wa urani walichimba shimo la majaribio porini, kisha wakaondoka na kuacha lundo la kifusi juu kidogo ya lambo ambako wafugaji hunywesha ng'ombe. Nilitakiwa kujua mvua ikinyesha juu ya kifusi kile, maji yanayoteremka yanabeba nini.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kizigua, mjane mchangamfu. Uani kwake niliweka mapipa ya plastiki, nikayajaza mawe ya kifusi kile yaliyopondwa, meusi peke yake, meupe peke yake. Juu niliyaacha wazi yapate mvua, chini nikafunga koki ya kukingia maji.

Bibi aliyazunguka akiguna. "Mjukuu wangu, hii ndiyo kazi uliyosomea?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya."

Nikaenda Korogwe kununua chupa, nikapitia Makuyuni kumsalimia mama. Niliporudi nilikuta mawe yangu yameanikwa kwenye mkeka, yanang'aa. Bibi alikuwa kando yake na brashi ya kufulia, jasho likimtiririka.

"Shikamoo bibi. Kulikoni?"

"Marahaba. Wageni walikuja wakaona mawe yako yana vumbi, nikaona aibu. Nimeyafua kwa sabuni ya unga."

Nilitaka kulia, kikanitoka kicheko. Kwanza nilimnawisha mikono mpaka viwikoni, kisha nikamweleza kwamba vumbi lile lile ndilo nililokuwa nikilitafuta. Alishika kichwa. "Yarabi! Nimekufulia kazi yako!" Tukacheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Ilibidi nirudi porini kuchukua mawe mengine na kuanza upya. Safari hii bibi alikuwa mlinzi mkali. Hata kuku hakuthubutu kusogelea mapipa. Mvua ikanyesha, nikakinga maji, nikayapeleka maabara pamoja na maji ya lambo.

Siku niliyopata majibu, mama mmoja wa Kimaasai alikuwa ananisubiri uani. Alikuwa amekuja mara kadhaa, na kila mara nilimwambia bado.

"Leo niambie," alisema. "Ng'ombe wanywe au wasinywe?"

"Wanywe, mama. Maji ya lambo bado ni salama. Mawe meupe hayana neno. Meusi ndiyo yanayotoa urani kupita kiasi, na wale watafutaji wamekubali kuyaondoa kabla ya masika, wayafukie mbali kwenye udongo wa mfinyanzi."

 Akatoa simu kwenye shuka, akampigia mumewe na kuongea Kimaasai haraka haraka. Bibi, asiyejua hata neno moja la lugha ile, alisogeza mdomo kwenye simu na kupaza sauti, "Wanywe! Wanywe kabisa!"

Kesho yake yule mama alirudi na kibuyu cha maziwa. Bibi akachemsha chai nzito, tukanywa watatu barazani, mvua ikipiga bati hata ikabidi tuongee kwa kupiga kelele.