Shikamoo Niliyoitoa Kliniki

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia, na mkinicheka nichekeni taratibu, maana aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilipoolewa na Shabani, fundi cherehani wa hapa Tabora mjini, nilimwambia nina miaka thelathini na mbili (nilikuwa na thelathini na tisa, ila sura ilinibeba), na kwa kuwa nimetoka Ziba na hapa hanijui mtu, nikaona nani atanichunguza. Basi mtoto akakawia, mwaka uliofuata tukaenda kliniki moja ya binafsi, daktari akauliza umri, Shabani yuko pembeni yangu, ningesema nini? Nikasema thelathini na tatu. Daktari akasema muda bado upo, akanipa vidonge vya kuchochea mayai, tuvumilie mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, tumbo kimya, tukarudi, nikatolewa damu ya kupima homoni.

Siku ya majibu nikamkuta kwenye benchi mwanamke mwenye miwani, ambaye hata siku ya kutolewa damu tulikuwa naye. Akawa ananitazama, anatazama tena, mpaka nikajiuliza huyu ametumwa na nani. Na Shabani naye nikamwona anatulinganisha sura (au ni roho yangu tu ilikuwa chafu), nikaona dawa ni kuonyesha mapema nani mkubwa hapa: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti ya mtu anayeweka jambo kiporo.

Tulipoingia ndani daktari alikuwa amekunja uso. "Homoni iko chini sana. Kwa miaka thelathini na nne inatokea, ila si kawaida. Una hakika na umri wako?"

Badala ya kutulia nikapanda juu, nikasema hawa wa maabara siwaamini, wamechanganya chupa, tena najua ni za nani! Nikafungua mlango nikamnyooshea yule mwanamke kidole mbele ya benchi zima. "Majibu yangu amepewa huyu bi mkubwa, mimi nimepewa yake ya uzee!"

Akavua miwani. "Uzee? We Kalunde, si tulimaliza la saba wote Ziba? Shikamoo yako nimeimeza nikidhani umenisahau, kumbe ndiyo kazi yako! Mimi nina arobaini, na wewe ulinizidi mwaka."

Benchi likaangua kicheko, hata dada wa mapokezi akajificha nyuma ya daftari. Shabani hakucheka. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akauliza, "Mingapi?" Nikasema arobaini na moja, nikaanza kulia.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ningejua, nisingewaambia msubiri. Mayai yanapungua na kuchoka, na kwa umri wako hata matibabu makubwa mara nyingi hayashiki. Ule mwaka tuliuhitaji."

Shabani akamwuliza daktari, "Hayo matibabu tunaanza lini?" Njia nzima ya kurudi hakunisemesha.

Tumeanza, na kama tutafika sijui. Siku hizi umri wangu nautaja kwa mwaka na mwezi, hata kwa muuza karanga, lakini kila sindano inaponichoma tumboni nahesabu ile miezi kumi na miwili niliyoitupa ili mume wangu anione kijana.