Madam Jozi Anaomba Uhamisho

Wanafunzi walimbandika jina la Madam Jozi kwa sababu akifika kwenye asidi na besi hakuwa na wimbo mwingine. "Usiniambie ladha wala rangi ya karatasi," alikuwa akisema. "Niambie jozi ya elektroni iko kwa nani." Jina likarithiwa kidato hadi kidato, mpaka mpishi wa shule naye akawa anamwita hivyo, na mwenyewe akaitika.

Alikuwa mwalimu pekee wa kemia katika shule ile ya wasichana, na hilo ndilo lililomfunga. Alipopangiwa kazi pale alikuwa ameolewa karibuni. Yeye na mumewe, fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchapa vitabu mji mwingine, waliambiana kwamba wavumilie kidogo tu, kisha atahamia kwake. Mwaka ukazaa mwaka. Mtoto wao wa kike alipoanza kusumbuliwa na kifua kwa vumbi la pale, walimpeleka kwa baba yake, akawa analelewa na shangazi yake. Madam Jozi akabaki peke yake kwenye chumba cha nyumba za walimu, dirisha likitazamana na ukuta wa maabara, hivyo hata akiwa kitandani alikuwa kama yuko kazini.

Kila mwaka aliomba uhamisho, na kila mwaka mkuu wa shule alimjibu kwa upole uleule, kwamba akipatikana wa kuziba pengo ataondoka hata kesho. Hakupatikana. Mwalimu wa historia alikaa muhula mmoja, akapata mtu wa kumsemea huko juu, akafunga mizigo huku anapiga mluzi. Madam Jozi alimsaidia kubeba godoro mpaka kwenye gari, kisha akarudi chumbani akalala na viatu.

Likizo moja, akiwa kwa mumewe, alimsikia mwanawe akimwita shangazi yake mama. Wifi aliona haya, akamsahihisha. Mtoto akamtazama kwa mshangao, akaeleza kwamba anajua vizuri: huyu ni mama, na yule ni mama wa likizo. Watu wazima wote walicheka, maana hapakuwa na jingine la kufanya.

Safari hii mkuu wa shule alimletea habari tofauti. Mkaguzi anakuja, atakaa darasani kwake, na neno lake ndilo litakaloamua kama anaweza kuachiwa. Alipompigia mumewe simu kumweleza, mume akatoa alilokuwa amelifikiria siku nyingi.

"Fundisha ovyo," alisema. "Wasomee kitabu tu, wape mgongo, waache wasinzie. Mwalimu mbovu hang'ang'aniwi na mtu. Kipindi kimoja tu, mke wangu. Wao umeshawapa miaka."

Madam Jozi alicheka. Kisha akagundua kwamba upande wa pili hakuna anayecheka.

Siku ilipofika mkaguzi alikaa nyuma kabisa, mwanamume mnene mwenye koti lililombana kwapani. Madam Jozi alifungua kitabu akasoma kwa sauti bapa. Asidi hutoa haidrojeni, besi huipokea. Akaandika amonia ubaoni, akaiacha hapo bila maelezo, akafungua ukurasa mwingine. Wasichana walitazamana. Mmoja aliuliza jirani yake kwa kunong'ona kama madam anaumwa. Mkaguzi alianza kuangalia saa. Mambo yalikuwa yanakwenda kama mumewe alivyotaka.

Ndipo akasimama yule waliyemwita Wakili, msichana asiyeketi bila kubisha jambo.

"Madam, amonia ina haidrojeni tatu. Kwa hiyo ni asidi?"

Madam Jozi hakujibu. Alidhani atabaki kimya mpaka kengele ilie. Lakini darasa lilichukua ukimya wake kuwa ni ndiyo, na vichwa vyote vikainama kuandika. Aliiona kalamu ya msichana wa dawati la mbele ikiandika amonia, halafu asidi, halafu ikipiga mstari chini kwa rula.

"Wekeni kalamu chini," alisema. "Futeni hicho."

Alichora naitrojeni ubaoni, akazungushia elektroni zake kwa nukta za chaki. Jozi tatu zimeshika haidrojeni. Moja imekaa bure, haijashikwa na mtu. Pembeni akachora boroni iliyoshikana na florini tatu, akamwambia Wakili ahesabu. Wakili akahesabu elektroni sita kuizunguka boroni, akasema pana nafasi ya mbili. Basi zikikutana, mwalimu aliuliza, nani atampa nani? Darasa zima likajibu kwamba naitrojeni itatoa jozi yake.

"Anayetoa jozi ni besi," alisema. "Anayeipokea ni asidi. Sasa nionyesheni haidrojeni ya huyu aliyepokea."

Walitafuta, hawakuiona. Wakili alikaa chini polepole. Mkaguzi alikuwa ameshasogea mpaka dawati la tatu bila kujijua, na kengele ilipolia ndiye aliyeomba dakika zaidi. Baadaye alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akasema alimaliza shule bila mtu kumfungulia jambo lile. Kwa jinsi alivyokuwa akiutikisa ule mkono, Madam Jozi alijua kwamba amejimaliza.

Mkuu wa shule alimwita baada ya majuma machache. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba mwalimu wa aina hiyo akiondolewa, sayansi katika shule ile itakufa. Uhamisho umekataliwa, ila amepewa cheo cha mkuu wa idara, idara ambayo mtumishi wake pekee alikuwa yeye mwenyewe.

Mumewe alipopokea simu, mitambo ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Ulifundisha?" aliuliza.

"Nilifundisha."

Hakumgombeza. Alisema sawa, akauliza amwambie nini mtoto, kisha akasema basi, atajua mwenyewe la kumwambia.

Kwa siku kadhaa Madam Jozi hakuweza kumtazama Wakili usoni. Darasani aliruka mkono wake kila ulipoinuliwa. Alijua anamwonea, na akaendelea. Jioni moja akiwa anafua mlangoni, msichana akaja na swali la mtihani wa zamani: alumini iliyoshikana na klorini tatu, haina haidrojeni hata moja, nayo wameiita asidi. Mwalimu alitaka kumwambia asubiri darasani. Badala yake alikung'uta povu, akachuchumaa, akaanza kuchora nukta kwa kidole kibichi juu ya saruji. Zilikauka kabla hajamaliza, akachora upya.

"Madam, wanasema unataka kuhama," Wakili alisema.

"Ni kweli."

"Usihame kabla hatujafanya mtihani."

Madam Jozi alimwambia ahesabu elektroni za alumini. Wakili akahesabu sita, akacheka kwa furaha, akaondoka mbio kuwaambia wenzake.

Mwaka uliofuata aliomba tena. Mkuu wa shule alipokea bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua, akamuuliza kama chupa za maabara walizoagiza zimeshafika.