Neno "leave" lilivyonivunjia ndoa, Lamu ya miaka ya hamsini

Wakuu, asalaam aleikum. Wengi wenu mngeniamkia shikamoo, maana nimeshapita themanini, ila simu naijua vizuri tu. Ninayosema hayana chumvi, wallahi.

Nimeona vijana humu mnabishana kuhusu maneno ya Kiingereza yenye maana kibao. Kila mtu na neno lake. Langu mimi ni leave.

Kuondoka, leave. Kuacha, leave. Likizo, leave. Hata majani ya mti yakiwa mengi ni leaves. Hivi hawa watu waliishiwa maneno?

Haya, sikilizeni.

Miaka hiyo nilikuwa mke mchanga, naishi kwa baba yangu, mtaa wa Langoni. Mume wangu Athmani alikuwa Mombasa, tarishi katika ofisi ya Mzungu mmoja. Kiingereza chake cha kuokoteza, lakini alivyokipenda! Hata chai aliita tea, na mimi nilikuwa nikimcheka.

Mwaka ukapita hajaja. Majirani wakaanza maneno yao, eti kaoa huko. Mimi najikaza, nikilia jikoni nasingizia moshi.

Siku moja akaja Bwana Shee, muuza samli, katoka Mombasa. Akamwambia baba, "Athmani awasalimu. Kanambia nimwambie mkewe kuwa kapata livu."

"Livu ndiyo nini?"

"Hata mimi sijui. Alisema huku akicheka, nami nilikuwa na haraka ya safari."

Baba akamwendea Bwana Kassim, jirani aliyewahi kusoma Kiingereza kidogo. Huyo akajibu papo hapo, "Leave? Ni kuata." Kwetu Lamu kuacha twasema kuata, na mke aliyeatwa ndiye aliyepewa talaka.

Baba akarudi uso umempauka. "Mwanangu, mumeo amekuata."

Na alisema huku akicheka, wakuu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikakaa eda. Chumba cha ndani, mama aniletea chakula. Nilimpenda mtu yule. Kuachwa na huku bado unapenda, upweke wake simuombei hata adui yangu.

Haukupita muda nikasikia sauti ya Athmani mlangoni. Moyo ulinipasuka kwa furaha na hofu pamoja. Baba akamzuia pale pale barazani, watu wanatazama.

"Wataka nini hapa? Si ulituma mtu kusema umemwata binti yangu?"

"Mimi? Mimi nimekuja na leave yangu kumuona mke wangu!"

"Mwamsikia?" Baba akawageukia majirani. "Asema tena, mbele yenu!"

Athmani naye hasira zake zilikuwa za karibu. Akadhani baba kanipatia mchumba mwenye mali na sasa anatafuta sababu. "Kumbe mwataka talaka? Basi chukueni. Nimemwata, talaka tatu!"

Hiyo kila mtu aliielewa.

Kwa wasiojua, tatu hazina kurejeana, mpaka mwanamke aolewe na mwingine kwanza, naye amuache. Mimi sikutaka mwingine. Wachumba walikuja nikawakataa, mpaka wakachoka kuja. Athmani alirudi Mombasa, akaoa, akazaa, akafia huko huko. Mimi sikupata mtoto.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na mpangaji, mwalimu kijana kutoka bara. Siku moja nikamkuta anafunga begi lake. "Bi, nimepata leave!"

Nikamuuliza, "Wamwata nani, mwanangu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Simwachi mtu, Bi. Leave ni likizo. Naenda kumuona mke wangu."

Ya Rabbi! Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nililia kama mfiwa. Kumbe Athmani alikuwa akicheka kwa furaha ya kuja kwangu.

Funzo langu ni hili. Ukituma ujumbe, tumia maneno ya anayeupokea, hata kama Kiingereza kinakuwasha ulimi. Na ukiletewa neno usilolielewa, muulize aliyelisema, usikimbilie kukasirika.

Haya, na nyinyi leteni maneno yenu. Hata wa kunitukana aje tu. Nyumba nzima niko peke yangu, nitawajibu mmoja mmoja.