Aliyemtoa Pandelis Kisiwani

Loizos alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba kazini akilinda magofu ya kisiwa cha Delos, na ungemuuliza kazi yake hasa ni nini, angekwambia ni kupuliza filimbi. Mgeni akikalia nguzo, filimbi. Mtoto akipanda mgongoni mwa simba wa marumaru, filimbi. Wageni hufika na boti ya asubuhi kutoka Mykonos, huzunguka juani kwa saa tatu au nne, huyapiga mawe picha kana kwamba yatakimbia, na ikifika saa tisa alasiri huwa wameondoka wote. Hapo kisiwa hubaki na walinzi wa zamu, mijusi, na paka wasio na mwenyewe.

Boti ya mwisho ikishang'oa nanga, Loizos hufanya mzunguko wa kufunga, na mzunguko huo ndio aliouogopa. Kila alipopita kwenye mtaa mwembamba wa nyumba za kale alisikia nyuma yake mguu unaburutwa juu ya mawe. Akisimama, nao unasimama. Hakugeuka hata siku moja, kwa sababu mguu ule aliujua. Ulikuwa wa kushoto, na ulikuwa wa Pandelis, mlinzi mwenzake, ambaye aliuburuta tangu alipoanguka na pikipiki akiwa kijana. Na Pandelis alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, tena Loizos mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Watu wa kale walikuwa na sheria yao: Delos hakuzaliwi mtu wala hakufi mtu. Mjamzito aliyekaribia kujifungua na mgonjwa mahututi walivushwa hadi kisiwa cha jirani. Hata makaburi yaliyokuwapo yalifukuliwa, mifupa ikahamishwa. Walinzi wa leo ni Wakristo wazuri, wanafanya ishara ya msalaba wakipita kanisani, na huwacheka wageni wanaokodoa macho wakisimuliwa habari hiyo. Lakini mwenzao akishikwa na homa tu, wanaanza kumtafutia boti. Mambo ya namna hii humwingia mtu polepole, na akija kushtuka yameshaota mizizi.

Ndivyo yalivyomwingia Loizos. Agosti ya miaka mitatu nyuma Pandelis alishika kifua akaanguka, na Loizos akapiga simu. Daktari akamwambia mambo matatu: mlaze, usimsogeze hata hatua moja, helikopta inakuja. Loizos akautazama ule uso uliogeuka rangi ya majivu, na kichwani mwake likabaki jambo moja tu, kwamba mtu atafia Delos, naye ndiye mwenye zamu. Akambeba mgongoni hadi kwenye boti ya walinzi, akaitia baharini huku upepo wa kaskazini ukiyapandisha mawimbi. Walipofika katikati, helikopta ilipita juu yao, ikaenda kutua kisiwani walikotoka. Pandelis alikata roho kabla hawajafika bandari ya Mykonos.

Hospitalini Loizos alisema simu ilikatika, hakuyasikia maelekezo. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Annezio, mke wa marehemu, aliishika mikono yake akaibusu, akamshukuru kwa kujaribu. Aibu ya mabusu yale ilimwandama kuliko huo mguu.

Basi Jumatano moja ya Oktoba, Annezio akashuka kwenye boti ya asubuhi pamoja na wageni, amevaa nyeusi, mkononi ana bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Loizos ndiye aliyemshika binti yao siku ya ubatizo, kwa hiyo mama huyu alimwita kumbare, kama wanavyoitana watu waliounganishwa na mtoto.

"Kumbare, bado unawapulizia watu filimbi?"

"Nikiacha wataondoka na simba mkobani. Mbona hukusema unakuja? Ningekuchemshia kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa. Boti yangu ya kurudi ni saa saba na nusu." Akaketi ukutani, pale pale pasiporuhusiwa kuketi. "Jumamosi tumemfukua."

Loizos alijua siku hiyo itafika. Huko kwao miaka mitatu ikitimia mifupa hutolewa, huoshwa kwa divai, ikawekwa kwenye kanisa dogo la ukoo pamoja na ya mababu.

"Divai nilikuwa nayo. Kisanduku nilikuwa nacho, nimekishonea na kitambaa," alisema Annezio. "Hajaoza, kumbare. Shati ni lile lile. Shavu ni lile lile nililolibusu. Mchimba kaburi anasema eti ni udongo wa mfinyanzi. Padri anasema tumrudishe tusubiri. Mama mkwe yeye kasema kuna mtu anamshikilia."

"Mama mkwe wako tangu lini akasema jambo jema?"

"Safari hii namwamini. Mtu akifa kabla hajasamehewa na wale aliowakosea, udongo haumli. Kwa hiyo nimepita nyumba kwa nyumba nikimwombea msamaha. Nimefika hadi kwa yule muuza samaki waliyegombana naye juu ya pweza mwaka wa tisini na nane. Akanifokea kwanza, halafu akalia, halafu akasema Mungu amsamehe." Alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na ngano ya kuchemsha inayoliwa kuwaombea wafu, imenyunyiziwa sukari na punje za komamanga. "Umebaki wewe tu. Mlikaa pamoja miaka yote hiyo, hamwezi kuwa hamkukosana hata mara moja. Kula kijiko kimoja, useme nimekusamehe Pandelis, nami niende zangu."

Ilikuwa rahisi mno. Maneno mawili, na mama huyu angeondoka na moyo mweupe. Loizos alichota ngano, akaitia mdomoni. Akaitafuna na kuitafuna.

"Simu haikukatika," alisema.

"Simu gani?"

"Siku ile. Daktari aliniambia nisimsogeze. Nilimsikia vizuri tu. Nikamtoa ili asifie hapa."

Annezio alimtazama, kisha akayatazama mawe yaliyowazunguka pande zote.

"Asifie hapa," alisema. "Mume wangu alibatizwa, Loizos. Alikuwa na ruhusa ya kufa popote."

"Najua."

"Aliiona helikopta?"

"Alikuwa amelala chali. Aliiona."

"Akasema nini?"

Hilo ndilo swali aliloomba Mungu asiulizwe kamwe. "Alisema geuza. Mara mbili."

"Na wewe?"

"Nilijifanya sijasikia, kwa sababu ya upepo."

Mgeni mmoja alikuwa amepanda juu ya nguzo iliyovunjika akipigwa picha, na hakuna aliyempulizia. Annezio alikitoa kijiko mkononi mwa Loizos, akakifuta kwa upindo wa gauni, akalifunga bakuli.

"Miaka mitatu nawasha mshumaa wa afya yako pembeni ya wa kwake," alisema. "Nimezunguka Mykonos nzima kumwombea yeye msamaha. Hadi kwa muuza samaki."

"Annezio..."

"Panda boti."

"Niko zamu."

"Panda boti, Loizos."

Alimwachia mwenzake filimbi, akapanda. Walivuka wakiwa wamekaa mbalimbali, yeye nyuma, Annezio mbele akiwa amelipakata bakuli. Tangu bandarini hadi makaburini mama huyo hakugeuka kuona kama anafuatwa. Kaburi lilikuwa limefukiwa upya, na udongo wake ulikuwa bado mbichi.

"Mwombe," alisema Annezio.

"Na wewe je? Unanisamehe?"

"Mimi niko hai, nina muda wa kufikiri. Anayengoja ni yeye."

Akaliweka bakuli juu ya kaburi, akatoka. Loizos alivua kofia, akatafuta pa kuanzia. Alijua maneno ya kuomba radhi, kanisani yanafundishwa tangu utoto, lakini hayakuja. Akapiga magoti udongoni.

"Nilikusikia," alisema.