Viatu Vilivyobaki Uwanjani

Juzi stendi ya Kibiti, mama mmoja wa Chumbi alishuka peku kutoka basi la washabiki wa mpira waliorudi kutoka Dar.

"Wifi, viatu viko wapi?" akaulizwa na aliyempokea.

"Nilivivua mlangoni pa uwanja wa taifa. Viti vinang'aa, juu paa kubwa, niingie na tope la shamba? Kutoka sasa, milango mingi, wangu sikuujua tena!"

Tulicheka sote tuliokuwa pale stendi, mimi bibi yenu nimejishika mbavu. Halafu akasema polepole, "Mwanangu ndiye aliyenipeleka. Tulipokaa akaiona miguu yangu, akahamia mbele kwa wenzake, eti hanijui."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Uwanja unaochukua maelfu, kijana akakosa nafasi karibu na mama yake. Nasi tuliomcheka pale stendi, ni kama tulikuwa tumekaa safu moja na kijana huyo.