Bwana Anapika

Majina ya wanawake waliokuja kwetu ninayo yote kichwani, hata ya watoto waliowabeba mgongoni. Sitayaandika. Wengine wangali hai, na waume zao pia.

Kiwanda kilipokuwa kinazimika kidogo kidogo, wanaume wa mtaa wa Shituru walishinda nyumbani na hasira yao. Mimi nilifundisha kushona kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake ya parokia. Nyuma ya chumba cha mashine kulikuwa na vitanda vine vya wanawake waliokimbia nyumba zao, na asistanti sosiali ndiye aliyeamua nani alale pale. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumkalisha mtu, kumwacha aseme, kisha kuandika kwenye daftari. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, basi niliandika jinsi tunavyosema.

Asubuhi moja mwanamke mmoja wa Shituru alipandisha blauzi akanionyesha mgongo. Usoni hakuwa na alama. Mumewe alijua pa kupiga.

“Ulianguka, mwanangu?”

“Na weye unauliza vile, mama? Nilianguka, ndiyo. Juu ya mukaba ya suruali ya bwana yangu.” Akacheka, kisha akanikamata mkono. “Minye sitaki kitu ingine. Musinirudishe tu.”

Nikamwambia hatarudi. Nikaandika: *Bwana anapika kila siku.* Karatasi ilikuwa haba, sikuongeza neno. Nikamwacha kwenye benchi akingoja, nikaenda mazikoni Kambove.

Kwetu Likasi, kupika ni chakula, na kupika ni fimbo pia. Asistanti wetu alikuwa mgeni, mtu wa Uvira, Kiswahili chake safi. Alisoma daftari, akamwita yule mwanamke.

“Mume wako anapika kila siku?”

“Ndiyo, mama.”

“Hata leo?”

“Hata leo asubui.”

“Basi una bahati, dada! Wangu hajapika hata siku moja. Mwanaume kama huyo usimwache. Shida yako ni njaa, siyo?”

Yule mwanamke alifikiri anachekwa. Akajibu kwamba njaa pia iko. Akapewa bakuli la unga, akarudishwa nyumbani.

Siku ya tatu nilirudi kutoka mazikoni. Asistanti akanisimulia kwa furaha juu ya mume mwema wa Shituru anayepikia familia. Nilipomweleza, alikaa chini sakafuni.

Tulimfuata yule mwanamke nyumbani, tukamkuta hospitali, pamba kwenye sikio la kushoto. Mumewe alikuwa amemwuliza unga ule amepewa na mwanaume gani.

Asistanti alilia. “Nisamehe, dada. Nilielewa chakula.”

“Si weye peke yako,” akajibu, akinitazama mimi. “Mama huyu alionaka mugongo yangu na macho yake. Ule mugongo yote, akaandika maneno nne.”

Nikatoa daftari nisahihishe, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

“Usiandike tena. Unipeleke kwa kaka yangu, njia ya Koni.”

“Atakupokea?”

“Sijue. Lakini ukisimama pale, weye muntu mukubwa, atapata haya kunifukuza.”

Tukaenda kwa miguu, sisi wawili. Nilipoanza kuongea alinipita mbele, akahamia upande wangu wa kushoto, sikio lake la kulia likiwa kwangu, ndipo akasema, “Sasa sema.”