Dhahabu Ndani ya Herufi B

Tangu aolewe na Anseau, mchoraji wa vitabu vya Zaburi pale Paris, Sedile alikuwa mtu wa dhahabu. Kila herufi kubwa ya kufungulia zaburi ilianzia kwake: aliipumulia gundi mpaka ilainike, akalaza dhahabu nyembamba kama ganda la kitunguu, kisha akaisugua kwa jino la mbwa hadi ing'ae. Rangi na sura za watu zilikuwa za mumewe. Sedile akajipa moyo kwamba zamu yake ya kuchora itafika.

Mikono ya Anseau ilipoanza kutetemeka, likaja agizo la kitabu cha Zaburi kutoka kwa bibi mmoja mkubwa, wa ukoo wa kitajiri. Ile B ya kwanza, herufi inayofungua zaburi ya kwanza kwa Kilatini, ambayo Daudi huchorwa ndani yake na kinubi, Anseau akampa Ameline, binti wa kaka yake, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka mle nyumbani. Alisema huku anatafuna jibini, bila kumtazama mkewe, kwamba Daudi wa Ameline ana uso wa kupendeza.

Sedile akaondoa sahani ya jibini mumewe hajamaliza. Kilichomuuma zaidi ni kwamba msichana hakuringa. Alimwamkia vizuri, akamfulia hadi vitambaa vya kichwa. Angekuwa na kiburi, angalau angechukiwa kwa raha.

Asubuhi, hewa ikiwa bado na unyevu, Sedile akaweka dhahabu. Hakuishia kwenye mistari ambayo Ameline aliichora kuonyesha mwisho wa dhahabu. Akapaka gundi, akapumulia, akalaza, mpaka tumbo la B likajaa. Rangi haishiki juu ya dhahabu iliyosuguliwa, na mle ndani hakuna asiyelijua hilo. Ikabaki nafasi ya haragwe moja.

"Sasa Daudi akae wapi?" Anseau akauliza.

"Ajibane. Si mchunga kondoo? Amezoea kulala popote."

Ameline akaipima ile nafasi kwa ncha ya kidole.

"Mama mdogo, niazime brashi yako ile nyembamba."

Sedile hakupata sababu ya kumnyima.

Bibi mkubwa alipokuja kuona kazi imefika wapi, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa ngozi ya ukurasa. Akawaita wanawake wake nao wainame.

"Hebu tazameni kadogo haka, na kope kanazo."

Wakasukumana, wakacheka. Mmoja akaikinga dhahabu kwa kiganja, maana ilimchoma macho asimwone Daudi.

Walipoondoka, Anseau akasema herufi zote zilizobaki zifanywe vivyo hivyo: dhahabu ijae, na Ameline achore ndani ya nafasi ya haragwe. Sedile akavuta ukurasa uliofuata, akaanza kupumulia.